Mambo ya kuzingatia kabla ya safari ndefu ya familia kwa gari msimu wa joto

Gari la mizunguko ya kila siku linaweza kuficha ubovu wake kwa miezi. Lijaze watu na mizigo, ulikimbize kwa muda wa saa nane kwenye lami inayochoma, ndipo ubovu huo utakapojitokeza. Kwa hiyo lipeleke kwa fundi wiki mbili kabla ya safari, si siku moja kabla. Hata kazi ya fundi huwa na kasoro: nati haikukazwa, paipu haikubanwa vizuri. Siku hizo 14 zitazionyesha ungali karibu na nyumbani.

Matairi yatangulie mambo yote mengine. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na kujikunja huko huzaa joto, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka unaunguza vidole. Ukiongeza uzito na mwendo kasi, tabaka za ndani huachana na tairi hupasuka. Pima upepo asubuhi gari likiwa halijatembea, kwa kuwa tairi lenye moto huonyesha namba ya juu kuliko hali halisi. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, aghalabu kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Mara nyingi kuna namba mbili: ya gari jepesi na ya gari lililojaa. Fuata ya pili. Namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, usiijaze hiyo. Na ukipima njiani ukakuta upepo umepanda, usiupunguze. Kiwango cha asubuhi kimeshazingatia kupanda huko.

Umri nao uangaliwe. Karibu na herufi DOT ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata kama meno bado yapo, na nyufa ndogondogo ubavuni ndizo dalili. Kuhusu kina cha meno, sheria za nchi nyingi zinaruhusu hadi milimita 1.6, lakini kwa safari kama hii tairi lililofika milimita 3 heri libadilishwe mapema, maana haliwezi tena kusukuma maji vizuri mvua ikinyesha ghafla.

Tairi la spea husahaulika mpaka siku ya pancha. Lile jembamba la muda kwa kawaida linahitaji upepo wa psi 60 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo), na mwendo wake usizidi kilomita 80 kwa saa. Jaribu pia kulegeza nati moja ya gurudumu ukiwa nyumbani kwa spana iliyomo garini, kisha uikaze tena. Nati zilizokazwa kwa mashine mara nyingi hushinda nguvu za mikono, na gurudumu lenye nati za kuzuia wizi halifunguki bila ufunguo wake maalumu. Hakikisha ufunguo huo umo ndani ya gari.

Kwenye rejeta, kulanti (kimiminika cha kupoza injini) iwe mchanganyiko unaotajwa na mtengenezaji, kwa kawaida nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa (distilled water). Injini ikiwa imepoa, minya paipu za mpira: iliyovimba, iliyo laini kupita kiasi au iliyokauka ikapasuka haifai kusafiri. Mshale wa joto ukianza kupanda njiani, zima kiyoyozi, washa hita hadi mwisho ili ichukue sehemu ya joto la injini, kisha tafuta mahali salama pa kusimama. Mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka injini ipoe kabisa. Maji yaliyo ndani yamezuiwa na shinikizo yasichemke. Ukilegeza tu, yanachemka papo hapo na kuruka usoni.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu, kwa hiyo magari mengi hubadilishiwa kila baada ya miaka miwili. Yakiwa ya zamani huweza kuchemka kwenye mteremko mrefu, na pedali ikazama bila kushika. Hata yakiwa mapya, teremka kwa gia ndogo. Betri iliyolala usiku mzima isomeke karibu volti 12.6, iliyovuka miaka minne ipimwe kwa mzigo wa umeme.

Mizigo mizito ikae chini, ikiegemea siti ya nyuma. Juu ya paa weka vyepesi tu, na usizidishe kikomo cha paa kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa (airbag) unaofanya kazi. Mtoto asiachwe ndani ya gari lililosimama hata kwa dakika chache: joto la ndani linaweza kupanda nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii.

Dereva apumzike dakika 15 kila baada ya saa mbili. Usingizi hubana zaidi usiku wa manane hadi alfajiri, kisha tena mapema alasiri, kwa hiyo panga vituo kabla ya nyakati hizo. Kushusha kioo na kupandisha redio havimwondolei mtu usingizi. Kulala dakika 20 ndiko kunakosaidia.

Bebeni maji ya kunywa angalau lita 3 kwa kila mtu kwa siku, na muongeze akiba ya kutumia gari likiharibika mbali na watu. Pembetatu za kuakisi na vizibao vya kung'aa vikae mahali pa kufikika bila kushusha mizigo. Gari likikwama, abiria watoke upande usiopitwa na magari na wasimame mbali na barabara, nyuma ya kizuizi kama kipo. Ramani zipakuliwe kwenye simu mapema, kwani mtandao hupotea sehemu nyingi. Dawa zisikae kwenye dashibodi wala buti. Insulini isafiri kwenye kiboksi cha baridi, ikiwa imefungiwa kitambaa ili isigusane na barafu, kwa sababu ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka.