Kuchagua Ukubwa wa Rimu na Tairi za Gari la Spoti

Anza kwa kusoma ubavu wa tairi lililokuja na gari. Maandishi 225/45R17 yana maana kwamba upana ni milimita 225, kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, yaani takriban milimita 101, na rimu ni ya inchi 17, hivyo kipenyo chote hufikia milimita 634. Ukitaka rimu ya inchi 18, chagua 225/40R18, lenye kipenyo cha milimita 637, ili spidomita isikudanganye. Hata hivyo, ubavu utabaki milimita 90 tu, na kwa mtu anayesafiri mara kwa mara kati ya Mtwara na Masasi, au anayepanda Newala, ubavu huo ndio unaoikinga rimu isipinde gurudumu linapotumbukia shimoni. Kwa maoni yangu, inchi 17 zinamtosha kabisa.

Matundu ya nati nayo lazima yalingane: rimu ya 5x100 (matundu matano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100) haifungiki kwenye gari la 5x114.3, hata fundi akikuhakikishia. Ukinunua matairi ya mtumba, tazama tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyoandikwa ubavuni, zinazoonyesha tairi lilitengenezwa lini: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.