Kinyume si Kutia "Si": Namna ya Kufanya Mazoezi ya Vinyume vya Kiingereza kwa Mtihani wa Mchujo

Siku niliyofanya mtihani wangu wa kwanza wa mchujo wa kazi ya serikali nilitoka chumbani kifua mbele. Sehemu ya msamiati niliimaliza kabla ya wenzangu, nikapita Mwembe Tayari, hapa Mombasa, kujipongeza kwa kahawa chungu na kaimati. Nilipofika kikombe cha pili, jamaa tuliyekuwa naye chumba kimoja akaniuliza, "Ile 'scarce' wewe uliweka nini?" Nikamwambia "rare". Akanitazama kwa huruma. "Bwana, si walitaka kinyume?" Maswali yote kumi na mawili nilikuwa nimejibu kwa visawe. Kaimati zikagoma kushuka.

Nilirudi baada ya miaka miwili, nikapita. Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi nakaa na vijana wachache Kisauni, barazani kwa mmoja wao, tukifanya mazoezi. Njia tunayoifuata ndiyo hii.

Wapo wanaouliza kwa nini karani wa masjala atahiniwe msamiati wa Kiingereza. Kifungu cha 232 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinataka watu waajiriwe katika utumishi wa umma kwa ushindani wa haki na kwa kustahili, na Kifungu cha 7 kinataja lugha rasmi mbili, Kiswahili na Kiingereza. Nafasi ni chache, foleni ni ndefu, na barua nyingi za ofisini bado zinaandikwa kwa Kiingereza. Mimi ningependa nusu ya karatasi ile iwe ya Kiswahili, lakini hilo tuliache.

Hatua ya 1: Zungushia duara neno la amri

Watunzi wa mitihani wana mazoea yao. Katika majibu manne, moja mara nyingi huwa kisawe cha neno uliloulizwa. Kwenye "abundant" watakuwekea "plentiful" pale juu, na jicho lililochoka hulirukia. Kwa hivyo lizungushie duara neno "opposite" kabla hujasoma chochote kingine. Kama mtihani ni wa kompyuta, litamke chini ya ulimi: kinyume, kinyume. Kisha kitafute kile kisawe makusudi ukifute kwanza. Umebakiwa na matatu.

Hatua ya 2: Uliza, kinyume kwa kipimo gani?

Hapa ndipo wengi wanapozama, na hapa ndipo ninapokaa na wanafunzi wangu muda mrefu kuliko kwingine kokote. Neno peke yake halina kinyume. Lina kinyume ndani ya sentensi, kwa sababu sentensi ndiyo inayokwambia kinachopimwa.

Chukua "fresh". Mtoto wa shule atakujibu haraka: "rotten". Haya, twende sokoni. Samaki aliye "fresh" kinyume chake chaweza kuwa "rotten", lakini kama swali linazungumzia samaki wa barafu, kinyume ni "frozen", na kama ni ng'onda, ni "dried". Mkate ulio "fresh" kinyume chake ni "stale". Maji yaliyo "fresh" ni yale tunayoyaita maji matamu, na kinyume chake ni "salt". Aliyewahi kuchota kisima cha kisiwani hahitaji kuelezwa. Neno moja lina vipimo vitano, na majibu manne kati ya hayo yaweza kupangwa chini ya swali moja.

"Light" vilevile: mzigo unakupeleka kwenye "heavy", chumba kinakupeleka kwenye "dark". "Rough" ya ubao ni "smooth", ya bahari ni "calm". "Gross" kwenye karatasi ya mshahara kinyume chake ni "net", na ukiwaza uchafu hapo umekwisha.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa wavuvi. Nyuma ya nyumba zetu kuna bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na kuna maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Waingereza bamvua huiita "spring tide", na "spring" hiyo haina uhusiano na majira ya mwaka. Sasa mpe mtahiniwa "spring tide" bila kumtahadharisha, atakutafutia "autumn". Kinyume ni "neap tide". Kipimo ni kimo cha maji, si kalenda.

Zoezi lake ni hili. Andika neno moja, chini yake sentensi tatu zenye maana tatu tofauti, kisha kinyume cha kila sentensi. Maneno matano kwa siku yanatosha. Anza na "sharp", "dry", "hard", "plain" na "dull". Usiguse orodha za maneno mia tano za kukariri kwa safu mbili. Nimezitumia, na nakuambia zinakupa majibu ya maswali usiyoulizwa.

Hatua ya 3: Angalia kama katikati pana vuguvugu

Kahawa yaweza kuwa moto, yaweza kuwa baridi, na ukiiacha wakati unapiga soga itakuwa vuguvugu. Maneno ya namna hii yana ngazi: "boiling", "hot", "warm", "lukewarm", "cool", "cold", "freezing". Ukiulizwa kinyume, nenda upande wa pili kwa umbali uleule. "Hot" na "cold" zinalingana. "Boiling" inalingana na "freezing". Ukiona majibu mawili yote yanaelekea upande sahihi, chagua lenye ukali sawa na la swali. "Furious" ikikutana na "calm" na "unbothered", hapo ndipo unapopima ukali.

Maneno mengine hayana katikati. Mtu ni "alive" au ni "dead", hoja ni "valid" au "invalid", kiti ni "vacant" au "occupied". Hapo kazi ni nyepesi.

Kisha kuna jozi za pande mbili za jambo moja: "buy" na "sell", "employer" na "employee", "ancestor" na "descendant". Katika kundi hili lipo shimo letu sisi watu wa Kiswahili. Siku moja kijana wa kwetu aliandika "He borrowed me two hundred shillings".

"Nani aliyekuwa na hela?" nikamuuliza.

"Yeye, mwalimu. Aliniazima."

"Na ukienda kwa jirani kutaka jembe, unasemaje?"

"Nakwenda kuazima jembe." Akanyamaza. Halafu akacheka.

Kuazima kwetu kunakwenda pande zote mbili, mtoaji na mpokeaji. Kiingereza kimeligawa: anayetoa ana-"lend", anayepokea ana-"borrow". Tofauti hiyo ishike kwa kukopa na kukopesha, ambazo hata sisi tumezitenganisha. Ukitafsiri kutoka kichwani kwa neno la kuazima, utaona mawili hayo kama visawe, na mtunzi anajua hivyo.

Hatua ya 4: Viambishi, na mitego yake

Sehemu hii ina kanuni, na kanuni ni rahisi kushika. Kiambishi "in-" hubadilika kufuata herufi inayofuata: mbele ya p, b na m huwa "im-", ndiyo maana tuna "impossible", "imbalance" na "immature", mbele ya l huwa "il-", kama "illegal", mbele ya r huwa "ir-", kama "irregular". Usiigeuze kanuni hii kuwa sheria ya kila neno, maana kuna "unpopular" na "unreliable" zilizokataa kufuata. Zisome ukizisema kwa sauti.

Kuhusu "un-" Kiswahili kinakusaidia, tena sana. Sisi tuna kauli ya kutendua: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, tega na tegua, pakia na pakua. Hakuna kinachokanushwa hapo. Kitendo kinarudishwa kilikotoka. "Un-" ikikaa kwenye kitenzi hufanya kazi hiyohiyo: "fold" na "unfold", "load" na "unload". Kuli wa bandarini anaijua tofauti hiyo mgongoni mwake. Lakini "un-" ikikaa kwenye kivumishi inakanusha tu: "unfair", "untrue". Kwa hivyo "unlocked" yaweza kuwa mlango uliofunguliwa au mlango ambao haukupata kufungwa kwa ufunguo. Jambo dogo, ila likikukaa kichwani hutababaika tena na "undo", "uncover" na "unveil".

Sasa mitego. "Invaluable" inamaanisha chenye thamani isiyokadirika, na kinyume chake ni "worthless". "Inflammable" ni sawasawa na "flammable", vyote vinashika moto. Kinyume ni "non-flammable", na usije ukajifunza hilo kwa kuwasha kiberiti karibu na lori la mafuta Changamwe. "Infamous" ni mashuhuri kwa ubaya. "Indifferent" ni asiyejali, wala si kinyume cha "different". "Spendthrift" ina "thrift", yaani kubana matumizi, ndani yake, lakini ni mbadhirifu.

Na "disinterested". Hili lishike kwa mikono miwili, kwa sababu ni neno la utumishi wa umma. Afisa aliye "disinterested" hana maslahi yake binafsi katika jambo, hivyo anaamua kwa haki. Kinyume chake ni "biased". Aliye "uninterested" ndiye anayepiga miayo. Wapo Waingereza wenyewe wanaoyachanganya, lakini mtihani haukuulizi mazungumzo ya Waingereza.

Hatua ya 5: Mizizi

Kwa ufupi tu. "Bene-" ni heri na "male-" ni shari, hivyo "benevolent" na "malevolent". "Ante-" ni kabla, "post-" ni baada. "Hyper-" ni kupita kiasi, "hypo-" ni chini ya kiasi. "Loqu-" ni kusema, ndiyo "loquacious" ni msemaji sana, na kinyume chake ni "taciturn". Mizizi kumi na tano ikikukaa, utakisia vizuri maneno usiyopata kuyaona. Lakini ni kukisia. Ukilijua neno lenyewe, liache lishinde mzizi.

Hatua ya 6: Ni sifa au ni tusi?

Mtu asiyetupa pesa, rafiki yake atamwita "frugal", adui yake atamwita "stingy". Tabia ni ileile. Lakini kinyume cha "frugal", ambayo ni sifa, ni "extravagant", ambayo ni lawama. Kinyume cha "stingy", ambayo ni lawama, ni "generous", ambayo ni sifa. Kwa hiyo pembeni ya neno weka alama ya kujumlisha au ya kutoa, kisha kwenye majibu tafuta lenye alama tofauti. Haifanyi kazi kwa maneno yasiyo na rangi kama "vertical", ila kwa maneno ya tabia imenisaidia pale ambapo neno lenyewe sikulijua hata kidogo.

Hatua ya 7: Kadi mfukoni na saa mezani

Kata karatasi ngumu, hata maboksi ya majani ya chai yanafaa. Upande mmoja andika sentensi yenye neno lililopigiwa mstari, upande wa pili kinyume na alama yake. Ulilolipata leo lirudie baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Ulilolikosa lirudie kesho. Mwanafunzi wangu mmoja anayetoka Likoni hufanya kadi zake akingoja feri na akiwa ndani yake. Anasema feri ikichelewa siku hizi hanuni.

Daftari la makosa ni muhimu kuliko kadi. Kila kosa liandikie sababu: nilitoa kisawe, nilikosa kipimo, nilikosea ukali, nilinaswa na kiambishi, sikulijua neno. Baada ya majuma mawili utaona sababu moja inajirudia. Kwa wengi wanaokuja kwangu, "sikulijua neno" huwa si ya kwanza.

Majuma mawili ya mwisho weka saa: maswali ishirini kwa dakika kumi. Sekunde thelathini zikipita hujaamua, tia alama, songa mbele, utarudi.

Tufanye moja pamoja. "The officer was reticent about the audit." Majibu ni "reserved", "forthcoming", "reluctant" na "dishonest". Duara kwenye "opposite". "Reserved" ni kisawe, futa. Kipimo ni nini? Ni kusema au kutosema habari. "Dishonest" iko kwenye kipimo cha ukweli, futa. "Reluctant" ni kusita kutenda, na watu wengi huichanganya na "reticent" kwa sababu zinafanana kusikika. Nayo iko upande uleule, futa. Limebaki "forthcoming", yaani asiyeficha habari.

Yako ya usiku wa leo ni haya: "candid", ambalo halihusiani na peremende, "lenient", "obsolete", "ebb", "oversight" na "sanction". Mawili ya mwisho yana ubishi ndani yao. "Oversight" ni usimamizi na pia ni kosa la kupitikiwa. "Sanction" ni kuruhusu na pia ni kuadhibu. Jibu lake usiniulize kabla hujaandika sentensi mbili.