Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kurekebisha Mikono ya Klachi na Breki kwa Mwendeshaji Mwenye Viganja Vidogo

Pikipiki nyingi za kazi zinazouzwa Tanzania na Kenya, kama vile Boxer na TVS HLX, hutoka kiwandani zikiwa na mkono wa klachi na mkono wa breki vilivyowekwa umbali mmoja tu kutoka kwenye raba ya usukani, bila skrubu wala kifundo cha kuvisogeza karibu. Mwenye vidole vifupi hulazimika kuufikia mkono huo kwa ncha za vidole, ambako nguvu ni ndogo kuliko sehemu nyingine yoyote ya kiganja. Upande wa kulia hatari huongezeka, kwa sababu anayevuta breki kwa vidole vilivyonyooka huishia kukivuta kiganja kizima nyuma pamoja na eksileta, na injini ikaongeza nguvu wakati yeye anataka kusimama. Tatizo hili linarekebishika, na mara nyingi kwa spana peke yake. Lakini kabla ya kumpa fundi kazi, ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa kila siku: umbali ambao mkono unakaa ukiwa haujaguswa, na mahali ambapo klachi au breki inaanza kushika mkono unapovutwa. Kurekebisha la kwanza kwa kuliharibu la pili ndiko kunakozaa ajali.

Anza kwa kupima ukiwa umekaa juu ya pikipiki, injini imezimwa, umevaa glavu unazotumia barabarani. Shika usukani kama unavyoushika ukiwa safarini, kisha nyoosha kidole cha shahada na cha kati bila kukihamisha kiganja. Kiungo cha kwanza kutoka ncha ya kidole kinapaswa kuweza kujikunja juu ya mkono wa klachi au breki. Ikiwa ni ncha pekee inayogusa, umbali ni mkubwa mno kwako. Rudia kipimo hicho usukani ukiwa umekatwa kabisa kushoto na kabisa kulia, kwa kuwa wako wanaofika vizuri usukani ukiwa umenyooka lakini wakashindwa wanapogeuza pikipiki kwenye njia nyembamba, mahali ambapo klachi inahitajika zaidi. Angalia pia kama kidole gumba kinafikia honi na indiketa bila kiganja kuachia raba.

Kabla ya kununua chochote, tazama kilichoongezwa juu ya usukani. Sponji na raba nene ambazo madereva wengi wa bodaboda huvalisha juu ya raba ya kiwandani, pamoja na glavu nzito za baridi, hula nafasi ya vidole kuliko watu wanavyodhani. Bomba la usukani wa pikipiki ndogo huwa na kipenyo cha milimita 22 hivi. Kila kinachoongezwa juu yake huongeza mzingo ambao vidole vinapaswa kuuzunguka kabla ya kuanza kufikia mbele. Kuvua sponji na kurudisha raba nyembamba ni marekebisho kamili kwa watu fulani, na hayagharimu kitu.

La pili lisilo na gharama ni pembe. Kila mkono umebanwa kwenye usukani kwa kibano chenye boliti moja au mbili. Ukizilegeza kidogo, unaweza kuuzungusha mkono kuelekea chini mpaka uwe kwenye mstari ulionyooka na mkono wako wa mbele, kuanzia kiwiko hadi vidole. Mikono mingi huwa imeachwa juu mno, hivyo kifundo cha mkono hujikunja na vidole hupoteza urefu. Unaweza vilevile kukisogeza kibano kuelekea katikati ya usukani kwa sentimita moja au mbili, ili vidole viwili viangukie karibu na mwisho wa mkono, ambako kuvuta ni kwepesi zaidi. Ukishamaliza, kaza boliti vizuri, kata usukani pande zote mbili, na hakikisha hakuna waya unaokazika wala kujipinda. Kama breki ya mbele ni ya mafuta, angalia pia kopo lake la mafuta lisiinamishwe kupita kiasi.

Klachi inastahili muda mrefu zaidi, kwa kuwa hapo watu huchanganya udogo wa kiganja na ugumu wa klachi. Vyote viwili huchosha, lakini dawa zake si moja. Ili kujua ugumu unatoka wapi, chomoa waya kwenye kile kiwiko kidogo kilicho ubavuni mwa injini, kisha uvute na kuuachia kwa vidole. Waya mzima huteleza bila kukwaruza. Unaokwama, au unaoonyesha nyuzi zilizokatika karibu na kichwa chake, ubadilishwe kabla ya jambo lingine lolote. Angalia pia njia uliyopitishiwa, kwani kona kali moja nyuma ya taa inatosha kuifanya klachi nzuri iwe nzito. Nimeona watu wakikata tamaa ya kuendesha pikipiki kwa sababu ya waya mkavu ambao ungebadilishwa kwa muda mfupi.

Waya ukiwa mzima, njoo kwenye mchezo, yaani mwendo mfupi ambao mkono husogea kabla ya waya kuanza kukaza. Miongozo ya pikipiki nyingi ndogo za Honda hutaja milimita 10 hadi 20 zikipimwa kwenye ncha ya mkono. Pikipiki za kampuni nyingine zina kipimo chao na baadhi hupima sehemu tofauti, kwa hiyo fuata kitabu cha pikipiki yako. Ndani ya kipimo kinachoruhusiwa, mwenye viganja vidogo afadhali achague upande wa mchezo mkubwa. Klachi itaanza kushika mkono ukiwa umekaribia raba, vidole vimeshajikunja na vina nguvu. Ukizidisha, klachi haitakata sawasawa: gia zitaingia kwa kishindo na nyutro itakuwa ngumu kuipata ukiwa umesimama. Ukiondoa mchezo wote, klachi itateleza, injini italia bila pikipiki kuongeza mwendo, na sahani za klachi zitaungua.

Mafundi wengine huweka kipande kigumu kidogo mahali ambapo mkono wa klachi huegemea ukiwa umeachiwa, ili ukae karibu zaidi, kisha hurudisha mchezo kwa kulegeza waya kwa nati yake ya kurekebishia. Njia hii inafaa kwa klachi ya waya, mradi kipande hakiwezi kudondoka, lakini ina mpaka ambao hauonekani kwa macho: kila milimita unayoiondoa mwanzoni mwa mwendo ni milimita iliyopungua katika kazi ya kukata klachi. Jaribu hivi. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, zima injini, weka gia ya kwanza, vuta mkono mpaka mwisho kwa vidole utakavyotumia barabarani, kisha uzungushe gurudumu la nyuma. Likizunguka kwa ugumu mdogo tu wa mafuta ya injini, uko salama. Likikataa, umesogeza mno. Kurefusha kiwiko cha klachi kwenye injini ili kuilainisha kuna kasoro hiyohiyo, nami sishauri kifanywe kwa kuchomelea.

Kwa breki ya mbele, uhuru wa kurekebisha ni mdogo zaidi. Pikipiki nyingi za bodaboda zina breki ya dramu inayovutwa kwa waya, na kishawishi ni kulegeza waya ili breki ishike mkono ukiwa karibu na raba. Kigezo kiwe hiki: vuta kwa nguvu zako zote kwa vidole viwili, huku vingine vikibaki vimeshika raba, mkono usiviguse vidole vilivyobaki. Ukivigusa, breki yako inaishia kwenye vidole vyako badala ya kuishia kwenye gurudumu. Ukumbuke pia kwamba viatu vya breki huliwa, na kadiri vinavyoliwa mkono husogea karibu zaidi na raba, kwa hiyo aliyerekebisha kwa ajili ya viganja vidogo anatakiwa kukagua nafasi hiyo kila wiki.

Breki ya diski haina waya wa kulegeza. Pale mkono unapogusa pistoni ya masta silinda, yaani pampu ya mafuta ya breki iliyo kwenye usukani, lazima ibaki nafasi ndogo sana, kwa sababu pistoni isiporudi mpaka mwisho huziba kitundu kinachorudisha mafuta kwenye kopo. Mafuta hupata moto, hutanuka, hukosa pa kwenda, na breki hujikaza yenyewe hadi gurudumu linaweza kufunga ukiwa mwendoni. Ndiyo maana kuweka kipande kinachosukuma mkono wa breki ya diski kuelekea raba ni jambo la kukataa kabisa, hata fundi akikuhakikishia kuwa amewafanyia wengi. Njia sahihi ni mkono wenye skrubu au kifundo cha kurekebisha umbali, uliotengenezwa kwa ajili ya modeli yako hasa. Ikiwa mkono unaingia ndani kama unakanyaga matope, toa upepo kwanza kwenye mafuta ya breki kabla ya kulaumu viganja vyako.

Usikubali mkono wa kiwandani upindwe kwa nyundo au moto. Mingi ni aluminiamu ya kumimina, ambayo hupata ufa usioonekana na kukatika siku utakapoivuta kwa nguvu zaidi. Kuufupisha kwa msumeno pia huondoa ule mviringo wa mwisho, uliowekwa ili mkono usikuchome ukianguka. Unapofunga mkono mpya, hakikisha taa ya breki inawaka unapouvuta na inazima unapouachia.

Kama pikipiki ni ya mkataba au ina warantii, zungumza na mwenyewe au muuzaji kwanza, na vipuri vya zamani uvihifadhi. Safari ya kwanza iwe kwenye uwanja mtupu: simama mara kadhaa kwa mwendo wa kutembea, kisha kwa mwendo mkubwa kidogo, halafu endesha kwa gia ya kwanza ukikata na kuachia klachi mpaka ujue kama vidole vinachoka. Ukiwa bado unatetemeka vidole baada ya marekebisho yote haya, fikiria chombo kisicho na mkono wa klachi, kama skuta za otomatiki zinazoonekana Unguja au pikipiki za umeme zinazotumiwa na madereva wa Kigali na Nairobi. Hata huko kipimo cha breki ni kilekile, na kwenye skuta upande wa kushoto nao una mkono wa breki, kwa hiyo pima viganja vyote viwili kabla ya kulipa.