Namna ya Kuweka Programu ya Wavuti kwenye Simu kwa Usalama

Mfanyabiashara wa dagaa pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, anayeandika mauzo huku dagaa wakianikwa na simu ikimkumbusha kila mara kwamba nafasi imejaa, anaweza kutunza hesabu zake kwa programu ya wavuti, yaani tovuti inayokaa kwenye skrini ya kwanza na kufunguka kama programu nyingine bila kupitia duka la Google wala la Apple. Ikitengenezwa vizuri hufunguka hata mtandao ukikatika.

Kabla ya kuiweka, andika anwani wewe mwenyewe badala ya kubonyeza kiungo ulichotumiwa WhatsApp, kisha uisome herufi kwa herufi. Nasisitiza hatua hii kuliko zote, kwa sababu programu ikishakaa kwenye skrini, sehemu ya anwani kwa kawaida hutoweka, na ukurasa wa tapeli aliyebadilisha herufi moja tu waweza kufanana kabisa na ule halali. Maandishi ya https huonyesha kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Hayathibitishi uaminifu wa mwenye tovuti.

Kwenye Android, fungua Chrome, bonyeza vitone vitatu, uchague kuongeza kwenye skrini ya kwanza. Kwenye iPhone, fungua Safari, utafute kisanduku chenye mshale unaoelekea juu, uteremke hadi kwenye chaguo kama hilo. Programu ya hesabu ikiomba maikrofoni au mahali ulipo, kataa.

Wenye iPhone wana jambo la ziada. Katika nchi nyingi, Apple huvitaka vivinjari vyote, yaani programu za kufungulia tovuti, vitumie injini yake ya WebKit (sehemu ya ndani inayosoma na kuonyesha kurasa), hata vile vya kampuni nyingine. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya masoko ya kidijitali, ambayo masharti yake yalianza kuzibana kampuni kubwa tarehe 7 Machi 2024, iliilazimisha Apple iruhusu injini nyingine huko. Apple ilitangaza kwamba ingeondoa programu za wavuti katika nchi za Umoja huo kwa hoja ya usalama, lakini ikarudi nyuma tarehe 1 Machi baada ya watengenezaji kulalamika. Hofu hiyo ya Apple ilikuwa na msingi, maana injini isiyodhibitiwa ingeweza kuruhusu programu moja ya wavuti isome data za nyingine. Hata hivyo, kuwanyima watumiaji huduma nzima hakukuwa tiba. Sheria hiyo haifiki Kigoma, kwa hiyo kubadilisha kivinjari hakukuepushi na kasoro ya WebKit: sasisha iOS yenyewe, yaani mfumo unaoendesha iPhone, kwa kuwa marekebisho huja nayo.

Ukishaanza kuitumia, pakua nakala ya hesabu kila wiki, kwani ukifuta data za kivinjari ili kupata nafasi, daftari lote laweza kufutika pamoja nazo.