Hei ya Kiangazi: Kukata, Kukausha na Kufunga kwa Kasha la Mbao

Hei, yaani nyasi zilizokaushwa za kulisha mifugo, ikiwa nzuri ni ya kijani na inanukia. Ikiwa na rangi ya nyasi za kuezekea, ng'ombe atajaza tumbo tu, maziwa hayaongezeki. Kinachoamua ni siku ya kukata.

Boma rhodes, aina ya nyasi za malisho, ikatwe nusu ya mashina yakiwa yamechanua. Ukingoja mbegu zikomae utafunga marobota mengi, lakini protini imeshashuka na mashina yamekuwa magumu. Shida kwenye maeneo ya masika ni kwamba nyasi huchanua mvua ikiwa bado inanyesha. Dawa yake: fyeka shamba katikati ya Aprili, walishe ng'ombe nyasi hizo zikiwa mbichi. Machipukizi yatachanua baada ya wiki 6 hadi 8, jua likiwa limeshika.

Kata umande ukishakauka, ubakize kisiki cha sentimita 5 hadi 10. Ukifyeka hadi udongoni nyasi huchelewa kuchipua, na hei hubeba mchanga. Tandaza nyembamba, geuza mara mbili kwa siku, jioni kusanya chungu ndogondogo ili umande usiloweshe zote. Jua kali la siku 2 au 3 latosha. Hei ikipauka, vitamini A nayo imekwenda. Lusani, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, igeuzwe asubuhi tu, ikiwa na unyevu kidogo, la sivyo majani yote hupukutika ukabaki na vijiti.

Kabla ya kufunga, pima. Weka hei iliyokatwakatwa kwenye chupa kavu ya mdomo mpana, tia kijiko kikubwa cha chumvi kavu, funga, tikisa dakika 2 hadi 3. Chumvi ikishikana mabonge, unyevu umezidi asilimia 15. Rudisha juani.

Kasha ni la mbao, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45, halina kitako wala mfuniko. Liweke mahali tambarare, tandika ndani kamba mbili za katani kwa urefu wake, kila moja mita 3, ncha zining'inie nje. Jaza kidogokidogo huku mtu akikanyaga, hasa kwenye kona, maana robota lenye kona laini hufumuka likibebwa. Kaza kamba, nyanyua kasha. Robota lililoshindiliwa vizuri hufika kama kilo 20.

Ghalani, panga juu ya fito zilizoinuka sentimita 15, mbali na ukuta, paa lisivuje. Sakafu ya saruji pekee haitoshi, hutoa unyevu. Wiki 2 za mwanzo, ingiza mkono katikati ya marobota. Ukisikia joto, yatoe upesi, yafungue na kuyaanika: hei iliyofungwa mbichi hujipasha moto yenyewe na inaweza kuunguza ghala. Iliyoota ukungu usimpe ng'ombe mwenye mimba, anaweza kuitupa.

Ng'ombe mmoja akila kilo 6 kwa siku, juu ya malisho mengine, kwa siku 90 anahitaji kilo 540. Hayo ni marobota 27, funga 30.