Umepelekwa kufundisha darasa la viziwi? Anza na macho

Juzi kuna ticha mgeni hapa Mombasa ameniuliza aanzie wapi, kapewa darasa la watoto viziwi na hajui ishara zaidi ya kupunga mkono. Nikamwambia kwanza toa lile neno bubu mdomoni mwako, hawa ni viziwi, na lugha wanayo. Katiba ya 2010 yenyewe imeweka Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha tatu rasmi za Bunge, kwa hivo usiione kama michezo ya mikono.

Kabla hujafundisha chochote panga deski nusu duara, kila mtoto amuone mwenzake, manake safu safu za skuli za kawaida hapa hazifai, aliye mbele akijibu wa nyuma waona kisogo tu. Halafu angalia jua. Usisimame mbele ya dirisha, huku kwetu jua la saa nane ni kali na wewe wageuka kivuli, mtoto haoni uso wala vidole. Funga pazia au hamia ukuta wa pili.

Ukitaka wakuangalie washa na uzime taa, au punga mkono, au mguse mmoja bega taratibu. Kupiga mguu chini wengine wafanya lakini sakafu ya saruji haitetemeki, afadhali ugonge deski la mbao. Usimshike mtoto kidevu kumgeuza, tafadhali sana. Ukimkasirisha atafumba macho, na hapo mazungumzo yameisha, utangoja mpaka afungue mwenyewe.

Ubaoni ndipo wengi twakosea, mimi nimekosea karibu muhula mzima. Waandika huku waeleza, mgongo umewapa wao, hakuna aliyepata kitu. Andika, weka chaki chini, geuka, eleza kwa ishara, kisha nyamaza kabisa wanakili. Mtoto hawezi kutazama daftari na kukutazama wewe kwa wakati mmoja, yani somo la dakika kumi huchukua ishirini na ndivyo inavyotakiwa, usiwakimbize.

Uso nao ni sarufi. Nyusi zikipanda umeuliza swali la ndio ama la, zikitulia umetoa habari, mikono ileile. Kwa hivo barakoa hapa haifai. Neno la kuuliza nalo huja mwisho, "jina lako nani", hapo sisi Waswahili tumebahatika kidogo. Lakini usidhani ishara ni Kiswahili cha mikono, ina mpango wake, wakati hutangulia kwa kawaida, jana, kesho, halafu mambo mengine. Nenda ukakae na viziwi wakubwa ujifunze kwao, na jina lako la ishara usijipe, watoto watakupa wenyewe. Langu ni kidole shavuni, pale penye kovu, walinipa siku ya pili.

Wengi waja skuli na miaka saba minane bila lugha yoyote, nyumbani wote wasikia na hakuna aliyewahi kuashiria. Huyo usimwanzishie na vitabu. Mletee papai lenyewe, akate, aonje, ndio umpe ishara, halafu picha, neno la kuandikwa mwisho. Na bweni liwe na tochi, stima ikipotea usiku watoto hawawezi kusemezana hata kidogo.

Wazazi wakija kuchukua watoto usiwaachie waende hivihivi. Wasimamishe getini uwafunze ishara tatu tu kila Ijumaa. Mama mmoja nilimfunza "kuuma" na "wapi", akamuuliza mwanawe palepale tuktuk yangoja, na mtoto akafungua mdomo akaonyesha jino la nyuma, limeoza, na kwa siku zote zile alizokuwa hali chakula nyumbani walidhani ana kiburi.