Kuiga radi kwenye ndege ya umeme: kutoka ganda hadi kwenye inverta

Radi ikipiga ndege ya alumini, sehemu kubwa ya mkondo hupita juu ya ganda na nyaya za ndani hupata masalia tu. Ndege nyingi za umeme zimejengwa kwa nyuzi za kaboni, ambazo hupitisha umeme vibaya kuliko alumini kwa mara elfu moja au zaidi. Ndani ya ganda hilo hupita kebo nene za volti 400 hadi 800, kutoka betri hadi inverta (vifaa vinavyogeuza umeme wa betri kuwa wa kuendesha mota) zilizo mbali kwenye mabawa. Hapa tunahesabu volti zinazozaliwa kwenye kebo hizo. Ganda kuungua au kutoboka ni hesabu nyingine.

Anza na chanzo. Waraka wa ARP5412 wa SAE, shirika la viwango vya uhandisi, unaeleza pigo kuu, kijenzi A, kwa fomula I(t) = I₀(e^(−αt) − e^(−βt)), ambapo I₀ = 218,810 A, α = 11,354 na β = 647,265 kwa sekunde. Kabla ya kugusa umbo la ndege, chora mkondo huo peke yake. Kilele kiwe 200 kA (kiloampia) kwenye mikrosekunde 6.4, ushuke hadi nusu kwenye mikrosekunde 69, na jumla ya I² kwa muda ifike 2 × 10⁶ A²s. Namba moja ikikataa, kuna tarakimu umeikosea, irekebishe kwanza. Andaa pia kijenzi H (I₀ = 10,572 A, α = 187,191, β = 19,105,100). Kilele chake ni 10 kA tu, lakini hupanda kwa kasi sana, na ndicho kinachopenya kwenye madirisha na nyufa za milango.

Kisha chagua njia za mkondo: pua hadi mkia, ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, na kila propela ya nje hadi mkia. Kila jozi iendeshwe peke yake. Propela ndizo zinazosahaulika, ilhali ni ncha zinazochomoza na mota yenyewe iko nyuma yake.

Kwenye umbo la ndege, toa viti, boliti na mapambo. Bakiza viungo vyote vya umeme: bawaba, mikanda ya kuunganishia, maungio ya bawa na kiwiliwili. Kila kiungo kipe ukinzani wake. Kiungo kizuri huwekewa kikomo cha karibu miliomu 2.5, mkondo wote wa 200 kA ukipita hapo, unapata volti 500. Rudia hesabu kwa miliomu 25, kwa sababu kutu huja. Ukiviacha viungo vishikane kikamilifu, kama programu nyingi zinavyofanya zenyewe, matokeo yatapendeza na yatakuwa ya uongo.

Wavu wa shaba ulio juu ya kaboni usiukatie vijichumba vidogo vya gridi. Uweke kama tabaka lenye impedansi ya uso, yaani ukinzani wake kwa mkondo unaobadilika. Kaboni nayo ipe upitishaji tofauti kando ya nyuzi na kukatiza unene wake.

Sasa muda. Kwa njia ya FDTD, inayokata nafasi kuwa vijichumba na muda kuwa hatua ndogo, kijichumba cha milimita 50 hudai hatua ya muda isiyozidi pikosekunde 96 hivi. Kufikia mikrosekunde 500 unahitaji hatua zaidi ya milioni 5. Wengi hukata kwenye mikrosekunde 20, na hapo hukosa jambo kubwa: kwenye kaboni mkondo huhamia ndani polepole, hivyo mkondo wa kebo unaweza kufika kileleni baada ya ule wa nje kuanza kushuka. Ni afadhali kugawa kazi. Tumia FDTD kwa mwanzo wa haraka, na kitatuzi cha masafa (frikwensi) ya chini kwa mkia mrefu.

Kebo zihesabiwe kama laini zenye nyaya nyingi, zikiwa na impedansi ya uhamisho ya ngao, yaani volti zinazozaliwa ndani ya kebo kwa kila ampia inayopita kwenye ngao, kifuniko cha chuma kinachoizunguka. Kosa la kawaida hapa ni kuchora ngao iliyofungwa mzunguko mzima kwenye kiunganishi, wakati fundi ataifunga kwa kipande cha waya. Kipande cha sentimita 10 kina karibu mikroheniri 0.1. Ngao ikibeba 1 kA ya umbo la kijenzi A, kipande hicho pekee huzaa takriban volti 70 mwanzoni.

Saketi ya volti ya juu ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Kwa kawaida haijafungwa kwenye bodi ya ndege, yaani mwili wake. Inaelea, ikishikwa na kapasita za kuchuja kelele kwenye kila ncha. Chukua njia ya mkondo kati ya betri na inverta yenye miliomu 10: kwa 200 kA, bodi za ncha hizo mbili hutofautiana kwa volti 2,000. Tofauti hiyo hugawanyika kinyume na kapasitansi. Betri ikiwa na nanofaradi 900 kwenda bodini na inverta 100, inverta hubeba volti 1,800. Ongeza nusu ya volti 800 za kazi, unafika 2,200 kwenye insulesheni iliyo kati ya transista na bamba la kupozea. Kebo ya mikroheniri 5 pamoja na kapasita hizo huimba kwa takriban kHz 237, kwa hiyo kilele kinaweza kuzidi hapo. Usiache kapasita yoyote nje ya saketi, hata ile ndogo ya vilima vya mota kwenda bodini.

Vizuia-mawimbi, vifaa vinavyoanza kupitisha mkondo volti zikizidi kikomo, viwekwe kwenye kitatuzi cha saketi kinachokubali vitu visivyo vya mstari, yaani ambavyo mkondo wake haukui kwa uwiano na volti. Ukishaviweka, usizidishe tena matokeo ya 1 kA kwa 200 ili kupata ya 200 kA. Hesabu hiyo hufa pale kizuizi kinapoanza kupitisha au cheche inaporuka.

Linganisha volti na mikondo ya kila pini na viwango vya DO-160, waraka wa majaribio ya vifaa vya ndege, sehemu ya 22. Kwa wimbi la 4, lenye umbo kama la kijenzi A, kiwango cha 3 ni volti 300 na ampia 60, na cha 4 ni volti 750 na ampia 150. Ndege ikishajengwa, pitisha mkondo mdogo wa ampia chache kwenye ganda kwa masafa tofauti na upime kwenye kebo zilezile. Vipimo vikitofautiana na uigaji kwenye masafa ya chini, kagua ukinzani wa viungo. Vikitofautiana kwenye masafa ya juu, kagua ncha za ngao na nyufa.